Sufuria la Chama na Masikio Yake

Hamtaniamini, na sina shida nanyi. Watu wa Rufisque, mji wetu wa pwani karibu na Dakar, hawajaniamini tangu nilipowaambia kwamba farasi wangu anajua kusoma saa ya stesheni, na yule mnyama akafa bila hata mmoja wao kumwomba radhi. Lakini habari ya leo ni kweli tupu, imeandikwa na mkono wa Gora Njaay, mwendesha gari la farasi, niliyesoma shule ya Wafaransa mpaka wao wenyewe walipoona inatosha. Ni habari ya mwanamke aliyekikalia chama cha siasa. Sisemi kwa mafumbo. Alikikalia kwa makalio yake, katikati ya ua, na wanaume wenye masharubu wakamzunguka, kofia mkononi, wakimbembeleza ainuke.

Jina lake Kodu Joob. Yeye Joob, mimi Njaay, kwa hiyo ni mtani wangu wa kuzaliwa. Njaay na Joob hutukanana kuanzia salamu ya asubuhi mpaka makaburini, na anayekasirika ndiye asiye na adabu. Mimi humwita mtumwa wangu aliyetoroka. Yeye huniita mla wali wa msibani. Hata sasa ninapoandika, yupo pale mlangoni kwake na ungo wake anamenya karanga, na kila nikifika mwisho wa ukurasa ananiamuru nimsomee, maana yeye hakusoma, na haniamini mimi wala kalamu hata kidogo.

Tulikua mtaa mmoja. Kodu alikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Ukimwita mara ya kwanza hasikii, mara ya pili anatabasamu, mara ya tatu ndipo anakuja, naye anakuja polepole kama anayetembea ndani ya maji. Msimu wa karanga alikuwa hatoki kizingitini. Enzi hizo karanga zilimwagwa karibu na gati mpaka zikawa vilima, na upepo wa jangwani ulipoleta vumbi lake jeupe, vilima vile vilijitenga na ardhi vikaelea. Wapagazi walipanda na magunia mabegani wakapotea humo weupeni, halafu ukasikia nyimbo tu, zinashuka kama zinatoka mbinguni. Sisi wengine tulipita chini yake tukikohoa. Kodu alikaa akatazama. Mama yake alidhani mtoto ana jini. Kumbe kule juu ya vumbi alikuwa amekwisha kumwona Biraam Sekk, karani wa mizani wa mfanyabiashara mmoja wa Kifaransa, kijana mwembamba mwenye miwani, kapauka kwa vumbi la karanga mpaka nyusi. Akaolewa naye. Wakamzaa Daba.

Ni Biraam aliyelileta lile neno nyumbani. Nilikuwepo, kwa sababu chakula kilikuwa kimetengwa, na mimi sijui kupita mahali penye chakula kilichotengwa.

"Mama Daba," akasema Biraam, "kumekuja kitu kinaitwa usoshalisti."

"Kinaliwa?"

"Sikiliza kwanza. Watu wote wanazunguka bakuli moja. Hakuna mwenye bakuli lake pembeni."

Kodu akalitazama bakuli letu, na mikono yetu yote iliyokuwa ndani yake. "Sasa sisi siku zote tulikuwa tunakula kwenye nini? Hata huyu Njaay asiyealikwa anakula humuhumu."

"Ni bakuli la nchi nzima, mke wangu."

"Haya," akasema Kodu, anammegea kila mtu kipande cha samaki kutoka katikati, kama afanyavyo mwenye nyumba. "Na huko kwenye hilo bakuli la nchi nzima, nani atamega samaki?"

Biraam akafuta miwani yake. Nawaambieni, chama kile kilipata matawi, kikapata nyimbo, kikapata bendera na magari yenye vipaza sauti, lakini swali lile mpaka kinakufa hakijalijibu.

Kilianza na watu ambao wangeenea kwenye gari langu, wakabaki na nafasi ya mbuzi. Kisha vita vya Wazungu vikaisha, ikatoka sheria kwamba watu wa bara nao ni raia kama sisi wa mjini, na kura ikaenea. Hapo ndipo mambo yalipofura. Mji mzima ulijifunga vitambaa vyekundu. Vinyozi waliandika *Kamaradi*, yaani ndugu wa chama, juu ya vioo. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alidhani Kamaradi ni jina la bwana mmoja mkubwa sana mwenye watoto wengi, akawa anamwombea kila Ijumaa.

Tawi letu lilikutana uani kwa Biraam, na kwa kuwa watu wa Rufisque hawasikilizi hotuba na tumbo tupu, wanachama walichangia wakanunua sufuria. Ah, sufuria lile! Chuma kitupu, jeusi, pana kama kisima, na masikio mawili kila moja la kutosha mkono wa mwanamume. Mtu mmoja hakuweza kuliinua likiwa tupu, sembuse limejaa. Siku lilipofika lilibebwa mtaani kwa ngoma kama bibi harusi: sikio moja Biraam, sikio la pili Medun.

Medun Joob ni mdogo wake Kodu, fundi wa reli, mwenye kifua kama tangi na sauti ya kusimamisha treni. Yeye na shemeji yake walikuwa mtu na kivuli chake. Daba alikua juu ya mabega ya Medun. Usingeweza kujua katika nyumba ile nani baba na nani mjomba, ila kwa miwani.

Na hapa ndipo nitakapowaambia ustadi wa Kodu. Alipikia hotuba. Hotuba ya kwanza, ya kuwasalimu wakubwa wa Dakar na wa Paris na marehemu wa vita, hiyo ilikuwa ya kukaanga chewa. Ya pili, ya Biraam, kuhusu mizani za karanga, ilikuwa ya mchuzi wa nyanya kuiva. Ya tatu ilikuwa ya Medun. Hiyo ilikuwa ya wali. Medun alianza chini, akapanda taratibu, na wali nao ukakauka taratibu, na Kodu amesimama kando ya moto, mwiko mkononi, macho yake yale ya usingizi yanatazama moshi. Mkutano ukipiga makofi ya mwisho, anafunua mfuniko. Mvuke unatoka, watu wanageuka. Hakuwahi kukosea. Wajumbe kutoka Dakar walidhani uchawi. Ukiniuliza mimi chama kile kilikuwa nini hasa, nitakujibu kilikuwa dakika ile, mfuniko unafunuka, uso wa kila mtu unalainika, na mapambano mengine yote ni ya kuandikwa magazetini.

Kisha ukaja mgomo wa reli. Siwasimulii huo, waliolala na njaa wanaujua. Mgomo ulipokwisha, Medun alisimama uani kama kawaida kutoa hotuba ya wali.

"Tulipogoma," akasema, "watoto wetu walikuwa wanalamba chumvi. Wakubwa wa chama walikuwa wapi? Paris! Wanakula kuku kwa uma!"

"Kaa chini, shemeji," Biraam akamwambia. "Hapa si karakana."

"Na wewe hapa si mizanini! Unampunja nani leo?"

Benchi likaruka. Mimi nililikwepa kwa ufundi ambao bado unazungumzwa. Kodu alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, hakuona kitu. Alisikia hotuba imekatika, akadhani ndugu yake anavuta pumzi. Akasubiri makofi. Akasubiri tena. Makofi hayakuja. Aliyemwambia kwamba chama kimepasuka hakuwa mtu. Ilikuwa ni harufu ya ukoko. Siku ile, kwa mara ya kwanza, wali wa Kodu Joob uliungua.

Mmoja wa wakubwa akajitoa, akaanzisha chama chake, nacho kikachukua rangi ya kijani. Medun akavaa kofia ya kijani. Biraam akaning'iniza kitambaa chekundu mlangoni. Mji ukagawanyika mpaka chakulani, na hapa ndipo wageni husema Gora anaongopa. Wakijani waliapa hawali nyanya. Wakawa wanakula wali mweupe kama wa wagonjwa. Wekundu nao wakakataa kila jani. Sasa, samaki wetu huchanjwa, akajazwa majani yaliyotwangwa na kitunguu saumu na pilipili, na humo ndimo ilimo roho yake. Biraam akamkataza mkewe.

"Kijani hakiingii kwenye samaki wangu."

"Hata jani la kitunguu, baba Daba?"

"Inaanza na jani la kitunguu."

Akala samaki mtupu mwaka mzima. Nilimwona anavyomeza. Ilikuwa kama kumwona mtu anakula barua. Chai tu ndiyo hawakuthubutu kuigusa, ingawa majani yake ni ya kijani waziwazi. Huko msimamo wa mtu wa kwetu ndiko unakoishia.

Na sufuria? Lilibaki uani kwa Kodu, limepinduliwa chini juu. Wekundu walisema ni letu, liko kwetu. Wakijani walisema ni letu, tulichangia wengi zaidi. Wajumbe walikuja na kuondoka. Kodu aliwapa maji ya kunywa, akawasindikiza hadi mlangoni, mwaka mzima. Ila nilimkuta siku moja anapitisha mkono kwenye lile sikio la Medun, taratibu, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala.

Ndipo Daba akachumbiwa. Kijana mwema, wa Thies, ukoo wenye watu wa maana. Siku ikapangwa: watakuja na treni ya mchana, na baada ya alasiri wazee watakwenda msikitini kufunga ndoa. Kodu alimwambia mumewe jambo moja tu.

"Mjomba wake ndiye atakayemtoa."

"Nina kaka zangu wanne, mama Daba. Yeyote anaweza kumtoa."

"Nilipokuwa na mimba ya Daba nikashindwa kusimama, nani alinibeba? Kaka zako wanne?"

"Aje basi. Lakini avue ile kofia mlangoni."

Medun akapelekewa habari. Akajibu: nitakuja, akishusha kile kitambaa mlangoni kwanza. Kofia haikuvuliwa. Kitambaa hakikushushwa. Daba alilia mpaka akaacha, akawa anakaa tu na hina yake mikononi anatazama ukutani, na macho yake yalikuwa yale yale ya mama yake.

Asubuhi ya harusi nilifika mapema, kwa kusaidia. Vumbi la jangwani lilikuwa limeingia mjini alfajiri, nyumba zote zimekuwa laini kama zimefunikwa kwa pamba. Mbuzi wamefungwa, chewa wako ndani ya karai, macho yao yanang'aa. Moto umewashwa kwenye mafiga na hauna kitu juu yake. Na katikati ya ua, juu ya sufuria lililopinduliwa, amekaa Kodu Joob kavaa nguo yake ya sherehe, mikono magotini, anatazama upande ambao zamani kulikuwa na vilima vya karanga.

"Hapikwi," akasema.

Wakaja kaka zake Biraam. Wakaja wekundu wa tawi, mwenyekiti na katibu. Wakamwambia ni mali ya chama. Akasema, "Kweli." Wakamwambia aibu. Akasema, "Kweli." Hakuinuka. Biraam mwenyewe akaja, akavua miwani, akavaa, akanigeukia mimi.

"Njaay, huyu si mtumwa wako? Mwondoe."

Nikajisogeza. "Ewe Joob mla wali, inuka kwenye kiti cha bwana wako!"

"Siinuki, mtumwa mwenye mdomo mkubwa kuliko farasi wake. Njoo karibu." Akanivuta sikio, kweli kweli, akaninong'oneza: "Nenda kamlete ndugu yangu. Mwambie uongo wowote. Hiyo ndiyo kazi uliyozaliwa nayo, leo ifanye vizuri."

Nikaondoka na gari. Mtaa wa reli wote ulikuwa kimya, mabehewa yamesimama ndani ya vumbi kama ng'ombe waliolala. Medun nilimkuta kizingitini kwake, amevaa kanzu mpya iliyopigwa pasi, na kofia yake kichwani. Alikuwa amevaa tayari. Kavaa, kakaa, haendi. Mbele yake bakuli la wali mweupe hajaugusa.

"Mtumwa wangu," nikamwambia, "umepauka kama huo wali."

Midomo yake ikacheza. Kwa utani huwezi kununa, ndiyo sheria. "Njaay mwizi wa nyama. Umekuja kuomba?"

"Nimekuja kukuchukua. Joob ni mali yangu, nikiita unakuja."

"Niuze basi. Lakini kwenye mlango wenye kile kitambaa siingii."

Nikapanda garini, nikashika hatamu, nikajifanya nakwenda zangu. "Vizuri. Nitawaambia wekundu wasikungoje. Wameshaleta na ndoo ya rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya sufuria. Wanalipaka jekundu, ndani na nje. Na masikio."

Sijapata kuona fundi wa reli akipanda gari la farasi namna ile. Farasi mwenyewe alishtuka, akaondoka bila kungoja neno langu. Tulipita stesheni wakati treni ya Thies inaingia, ukoo wa bwana harusi unashuka na mizigo yake, nasi tunapita ndani ya vumbi, Medun kasimama, kanzu inapepea, anapiga kelele: "Na masikio! Mpaka masikio!"

Akaingia uani mbio. Alipita chini ya kile kitambaa chekundu bila kukiona. Akasimama. Hapakuwa na rangi. Palikuwa na dada yake juu ya sufuria, shemeji yake kasimama pembeni, na moto usio na kitu.

"Umelifuata sufuria," Kodu akasema. "Hili hapa. Na wewe baba Daba unalitaka, hili hapa. Kila mtu ashike sikio lake."

Mlangoni watu wa Thies walikwisha kufika, wamesimama na mizigo vichwani. Biraam akawaona. Akainama, akashika. Medun akainama upande wa pili. Na kwa kuwa sufuria limepinduliwa, masikio yako chini, ikabidi wainame sana, vichwa vyao vikakaribiana kuliko vilivyowahi kukaribiana kwa mwaka mzima. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Umekonda," akasema Biraam.

"Wali mweupe." Medun akamtazama. "Na wewe kitambi kiko wapi?"

"Samaki hana majani."

Wakabaki hivyo, wameinama. Kodu juu yao hakutazama chini. Machozi yalikuwa yanamtoka polepole, kama kila kitu chake.

"Shuka basi, dada," akasema Medun.

"Mkiliinua mtalipeleka wapi?"

Wanaume wakatazamana. Mmoja akatazama barabara ya kwa wekundu, mmoja barabara ya reli. Kisha wote wawili wakatazama moto, maana mtu mwenye njaa ya mwaka hatazami kwingine. Kodu akashuka. Wakalipindua, wakaliinua, wakaliweka juu ya mafiga, mwenye kofia ya kijani upande huu, mwenye kitambaa chekundu upande ule. Watu wa Thies wakadhani hiyo ni mila ya Rufisque, kwamba baba na mjomba hupandisha sufuria. Wakaona ni nzuri sana. Mpaka leo kule Thies wapo wanaofanya, na ukiwauliza kwa nini, wanakwambia mambo ya wahenga.

Walipokwenda msikitini, Medun ndiye aliyemtoa Daba. Na kofia hakuvua, wala kitambaa hakikushuka. Nisije nikawadanganya. Waliendelea kutukanana kwenye kila uchaguzi. Kijani nacho kilipasuka, kipande kimoja kikarudi kwa wekundu, wekundu wakabadilisha jina mara mbili, vikatoka vyama ambavyo hata wenyeviti wao walikuwa wanavichanganya, na uhuru ukaja ukawakuta bado wanagombania mihuri. Biraam alikufa mwekundu. Aliyeshika jeneza upande wa kichwani ni Medun, na kofia yake. Sufuria liko palepale nyuma ya mlango huu, na kila mwenye harusi mjini huja kuliazima, wa rangi yoyote, lakini sharti aje na mwenzake wa kulishika.

Lakini nilikuwa nawaambia siku ile. Wanaume wako msikitini. Kodu amechanja chewa, amewajaza majani mpaka wamevimba, amewalaza ndani ya nyanya. Harufu ile! Ilipanda, ikachukuliwa na vumbi, ikaenda mtaa kwa mtaa kama mtu anayetafuta jina la mtu. Wakijani walitoka milangoni. Wekundu walitoka milangoni. Walikuja wakasimama nje ya ukuta bila kusema wanachofuata. Wali ukaanza kukauka. Leo hapakuwa na hotuba ya kuupimia, Kodu ameinamisha sikio kwenye mfuniko, anausikiliza. Nikaona uso wake unabadilika. Umefika. Dakika moja zaidi ni ukoko, mbele ya wakwe, kama siku ile ya benchi. Na sufuria limejaa mpaka shingoni, linachemka, na wenye masikio yake mawili bado hawajatoka msikitini.

Sasa hapo ndipo mwanamume anapojulikana. Nilikunja mikono ya kanzu yangu. Nikawaambia wanawake wasogee. Nikalishika lile sufuria, limejaa wali na samaki na mvuke, nikalinyanyua kutoka motoni kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili nimebeba mtungi wa maji ya wageni, na watu wote wa Thies wakaweka mizigo yao chini wakaanza kunipigia mako—

"Mkono upi, Njaay?" anauliza Kodu kutoka mlangoni, ungo magotini.